Kitabu cha Mwisho Kina Sura Nne

Mimi niliishia darasa la nne. Nalisema mapema ili wale waliosomea mambo haya chuoni waniache hapa hapa, wasije kulalamika baadaye kwamba mama muuza loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, amewapotezea muda. Waliobaki, sogeeni. Nataka kuwaambia namna ya kusoma vitabu vya mwisho mwisho vya Agano la Kale, vile vya watu waliorudi kwao kutoka uhamishoni wakakuta mji umekuwa kifusi. Kanisani kwetu mlimani vitabu hivyo hufunguliwa mara moja kwa mwaka, mwezi wa kutoa ahadi, kwa ajili ya mistari mitatu ya fungu la kumi. Mistari ikishasomwa vinafungwa mpaka mwaka mwingine, na kurasa zake zinabaki safi kama za Biblia ya zawadi ya harusi.

Majina ya vitabu sitayataja. Mimi mwenyewe nilivishika kwa yaliyomo: cha majipu, cha malkia, cha mwandishi wa sheria, cha sura nne. Fungua, utavitambua. Majina ya watu nayo siandiki, lakini msidhani naogopa. Kule juu kwetu ukitaja cheo cha mtu na upande migomba yake ilipo, hata kuku wanamjua. Kwa hiyo nawataja. Wa kwanza ni mume wangu, aliyenivunja mkono. Wa pili ni baba yake mdogo, mzee wa kanisa, aliyesema mkono ule ulivunjwa na kiburi changu. Wa tatu ni mwinjilisti wa mtaa wetu, ambaye hakuvunja kitu wala kusema kitu, na kwa kazi hiyo akawa analetewa mkungu wa ndizi kila msimu.

Nilitoka kwenye ile nyumba mchana kweupe, mkono ukiwa kwenye plasta ngumu ya hospitali, nikateremka mlima mpaka Elerai nikapanga chumba. Kabla sijapata kitanda, baraza la wazee lilikuwa limeshakaa na kuandika kwamba nimevunja ndoa. Nikatengwa na Meza ya Bwana. Mume wangu hakutengwa, maana yeye hakuondoka nyumbani. Ndivyo walivyopiga hesabu yao: aliyevunja ndoa ni yule aliyetoka mlangoni. Aliyevunja mkono alikuwa ndani, ametulia, anakunywa chai.

Kwa asiyejua, kwetu aliyetengwa hafukuzwi. Anakaribishwa kuja, kuimba, kufagia kanisa Jumamosi, kutoa sadaka. Sadaka yake haitengwi. Ila ukifika wakati wa Meza, safu inapoinuka kwenda mbele kupiga magoti, yeye anabaki kwenye benchi, na wenzake wanapita kwenye magoti yake wakisema samahani, samahani. Nilipewa samahani hizo miaka kumi na moja. Kuna Jumapili nilitamani mtu mmoja anikanyage tu bila kusema kitu.

Nilitaka kurudi. Nimekula pale tangu kipaimara changu, mama yangu alikula pale, na sikuona kwa nini hasira za mwanamume mmoja zinitoe kwenye chakula ambacho hakukipika yeye. Lakini nilitaka kurudi bila kusema uongo, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kurudi kundini kuna utaratibu wake. Unafundishwa na mwinjilisti wiki sita. Unahojiwa na baraza la wazee. Halafu Jumapili unasimama mbele ya usharika mzima, kosa lako linasomwa kwa sauti, unaulizwa kama unatubu, unajibu ndiyo. Kosa langu kwenye daftari lao lilikuwa maneno mawili: kumkimbia mume. Nikisema ndiyo, nimekula uongo kabla ya kula mkate. Nikisema hapana, nabaki kwenye benchi mpaka siku ya kuzikwa.

Nikajiandikisha hivyo hivyo.

Darasani mwaka ule tulikuwa wawili tu, mimi na bibi mmoja wa miaka sabini na kitu aliyetengwa kwa kupika pombe ya ndizi. Tulikaa kwenye chumba cha nyuma ambamo kwaya huweka magitaa yao. Mwinjilisti alikuja na Biblia yake maarufu, iliyopakwa rangi mistari kwa mistari: njano ya sadaka, kijani ya utii, nyekundu ya dhambi. Ukiifungua unadhani ni kitenge.

"Bibi, unalijua kosa lako?" akaanza.

"Nalijua, mwanangu. Nilipika kidogo, ikaisha kabla wewe hujafika."

"Bibi!"

"Nasema kweli. Mwaka wa nyuma ulifika mapema ukapata."

Mwinjilisti akageukia kwangu haraka. Akafungua kurasa za mwisho za Agano la Kale, kwenye kile kitabu kifupi cha sura nne, akaniwekea kidole kwenye nusu ya mstari. Nusu, sio mzima. Ni pale Mungu anaposema anachukia kuachana. Rangi nyekundu.

"Huu ukariri, mama. Baraza watakuuliza huu. Ukiusema vizuri na ukalia kidogo, imekwisha."

"Nusu nyingine inasemaje?"

"Mama, wewe anza na hiyo. Usijichoshe."

Sasa somo la kwanza la kusoma vitabu hivi ni hili, na nimelilipia mwenyewe: usisome mahali ulipowekewa kidole. Anza juu. Kitabu kile hakifiki hata kurasa nne kamili. Mimi ninayesoma kwa kufuata herufi na kidole nilikimaliza kwa siku tatu, mchana, wateja wa loshoro wakishapungua, huku nafukuza nzi kwenye sufuria la maziwa mgando kwa mkono mwingine.

Sura ya kwanza ilinishangaza. Nilitegemea kukuta wake watoro. Nikakuta Mungu anagombana na makuhani kuhusu mifugo. Watu wamerudi kutoka uhamishoni, nyumba ya ibada imejengwa upya, na sasa wamechoka nayo. Wanaleta sadaka wanyama vipofu, vilema, wagonjwa, na makuhani wanapokea bila kusema kitu. Mungu anawauliza: hebu mpelekeeni mkuu wa wilaya mnyama wa namna hiyo, mwone kama atafurahi. Kitabu hakisemi mkuu wa wilaya, kinatumia cheo cha zamani, lakini mtu ni yule yule.

Nilicheka peke yangu mpaka mteja akauliza kama kuna nywele kwenye chakula. Maana mbuzi yule namfahamu! Alikuwa wa mzee wa kanisa. Aliletwa sikukuu ya mavuno, jicho moja limefunga, mguu wa nyuma anauburuta. Kwetu baada ya ibada mazao na mifugo iliyotolewa hunadiwa hapo nje, na mnadishaji siku ile alikuwa mwinjilisti. Alipoletwa yule mbuzi watu wote wakaanza kutazama viatu vyao. Mwinjilisti akahangaika kutafuta sifa, mwisho akasema, "Jamani, huyu mbuzi ni mpole." Angeacha kuwa mpole angekwenda wapi? Alinunuliwa na mwalimu mmoja mgeni aliyeona aibu ya kukaa kimya, na mzee wa kanisa akapigiwa makofi.

Sura ya pili inaanza kwa makuhani kutishiwa kupakwa samadi usoni. Hilo nalo halijapakwa rangi na mwinjilisti. Halafu ndipo unafika kwenye ile nusu yangu, na ukifika ukitokea juu, kwa miguu yako mwenyewe, unakuta haikuandikwa kwa ajili yangu. Wanaosemeshwa ni wanaume. Wanaume wanakuja kulia kwenye madhabahu, machozi mpaka sakafuni, wanauliza kwa nini Mungu hapokei sadaka zao. Wanajibiwa kwamba Mungu alikuwa shahidi kati yao na wake wa ujana wao, wale waliowatendea vibaya. Mungu anachukia kuachana, na pale pale, bila hata kuvuta pumzi, anamchukia na mtu anayeivaa jeuri kama nguo. Hiyo ndiyo nusu ya pili. Hiyo ndiyo niliyoambiwa nisijichoshe nayo.

Msifikiri nilifurahi. Nilikasirika mpaka nikaunguza maharage. Miaka kumi na moja nimepigwa na kipande cha fimbo, na fimbo yenyewe ilichongwa kwa ajili ya mgongo wa mtu mwingine.

Jumamosi iliyofuata nikamuuliza mwinjilisti, kwa adabu zote, maneno yale yanamwambia nani.

"Yanatuambia sote, mama."

"Na samadi usoni, nayo ni yetu sote?"

Bibi wa pombe akaangua kicheko. Mwinjilisti akasema tufunge kwa maombi, na muda ulikuwa haujafika hata nusu.

Tangu siku hiyo bibi akanishika. Macho yake yamefunga ukungu, hasomi tena. Akawa anakuja saa moja kabla ya darasa, anakaa kwenye sanduku la spika, ananiambia, "Nisomee na vingine. Kama cha mwisho kina mbuzi, vingine vitakuwa na ng'ombe."

Ndivyo tulivyoingia kwenye vitabu vile, wanawake wawili waliotengwa, mmoja hana shule na mwingine hana macho. Kama unataka mwalimu bora zaidi, hao wapo, wana ofisi na viti vya kuzunguka. Mimi nakupa nilichokiona.

Tulianza na cha majipu. Mchungaji wetu mpya alikuwa ameniambia siku moja mlangoni kwamba Wayahudi wenyewe hawavipangi kama sisi. Hicho cha majipu na cha malkia na vya nyimbo za maombolezo wanavikusanya huko mwisho kabisa. Basi, nikaona vinahusika. Mtu amefilisika, amezika watoto wote, anajikuna kwa kigae, na rafiki zake watatu wanakuja kumpa pole. Siku saba wanakaa kimya naye chini. Hapo walikuwa watu wazima. Siku ya nane wanafungua midomo, na wanabishana naye sura zaidi ya ishirini wakimweleza kwamba lazima kuna kitu alifanya.

"Hao nawajua," bibi akasema. "Walikuletea soda."

Ni kweli. Nilipokuwa hospitali walikuja watatu, mzee wa kanisa akiwa mbele, na soda moja tuliyogawana wanne. Akaniambia, "Mke wetu, jichunguze." Mimi nikajichunguza, nikakuta mfupa umevunjika sehemu mbili. Ushauri wangu kwenye kitabu kile ni usichoke katikati. Watu wengi wanasoma sura mbili za mwanzo na moja ya mwisho, wanasema lo, alikuwa mvumilivu. Hakuwa mvumilivu! Alipiga kelele kitabu kizima, na mwisho Mungu anawakasirikia wale wa soda, siyo yeye.

Cha malkia kilimaliza Jumamosi mbili, kwa sababu bibi alisikia mahali kwamba Mungu hatajwi humo hata mara moja, akataka nihakikishe. Nikapita sura kumi kwa kidole. Hatajwi. Mwinjilisti alikataa katakata, akasema haiwezekani kitabu kitakatifu, akachukua Biblia yake ya kitenge akaanza kutafuta mwenyewe, na tukapata dakika arobaini za kimya, ambazo hatukuwahi kuzipata kabla. Lakini kilichotugusa sisi si hicho. Mwanzoni kabisa yuko malkia wa kwanza, yule aliyeitwa aje aonyeshwe kwa wanaume waliokuwa wamelewa siku saba, akasema siji. Wakakaa kikao, wakatunga sheria nchi nzima kwamba kila mwanamume atawale nyumbani kwake, na yeye akaondolewa.

"Halafu alikwenda wapi?" bibi akauliza.

"Haijaandikwa."

"Haijaandikwa, lakini inajulikana. Aliteremka Elerai."

Cha mwandishi wa sheria sikukipenda, na nakwambia ukisome hivyo hivyo. Watu waliorudi wanaambiwa wameoa wake wa kigeni na hiyo ndiyo sababu mambo hayaendi. Wanakusanywa uwanjani, mvua kubwa inanyesha, wanatetemeka, wanakubali kuwafukuza wake pamoja na watoto waliozaa. Mwisho inawekwa orodha ya wanaume, majina tele, fulani mwana wa fulani, safu kwa safu. Mke hata mmoja hakutajwa. Mtoto hata mmoja. Nilisoma majina yale yote kwa taabu, na yana herufi ngumu kweli, nikitegemea kwamba nikifika chini nitakuta hata jina moja la kike lililojificha. Nikafika chini.

Sasa hapa mimi nilikwama. Huku Mungu anachukia wake kuachwa, kule baraza la wazee linaacha wake kwa mafungu, na vitabu vyote viwili ni vya watu wale wale waliorudi, mji ule ule. Nikampelekea mwinjilisti.

"Tushike kipi?"

"Mama, hayo ni mambo ya juu."

"Juu kuliko huku mlimani?"

Akaniambia nina roho ya ubishi. Mchungaji nilipomuuliza hakusema hivyo. Alikuna kichwa, akasema watu wale walikuwa wamerudi wakiwa na hofu, hawakukubaliana wafanye nini, na wakaweka maneno ya pande zote kwenye sanduku moja. Sikuwahi kuambiwa kabla kwamba ndani ya Biblia kuna watu wanabishana. Niliambiwa ni sauti moja tu tangu mwanzo mpaka mwisho, na kwa bahati mbaya ilifanana sana na sauti ya mzee wa kanisa. Kwa hiyo somo lingine, kama unahesabu: ukisoma mahali kitabu kinafukuza watu, geuza kurasa utafute wapi kingine kinajibu. Mara nyingi kimejibu, ila hapakupakwa rangi.

Siku ya baraza ilikuwa Alhamisi alasiri. Wazee watano, mchungaji kwenye kiti cha kati, mwinjilisti mlangoni na karatasi yake. Mzee wa kanisa alikuwa amevaa koti la suti la kahawia lile la misiba. Bibi wa pombe aliitwa kwanza, akamaliza upesi. Aliulizwa kama ameacha, akasema migomba yenyewe imeshikwa na ugonjwa mwaka huu, wakaandika ameacha.

Nikaitwa mimi.

"Mke wetu," mzee wa kanisa akasema kwa ile sauti yake ya kuongelea na mgonjwa. "Tunafurahi umejirudi. Sema ule mstari uliofundishwa, halafu tumalize."

"Nitausoma, mzee. Kichwa changu hakikariri."

"Soma basi."

Nikafungua kile kitabu cha sura nne, nikaanza kwenye mstari wa kwanza wa sura ya kwanza.

"Siyo hapo, mke wetu."

"Nauendea, mzee. Uko mbele kidogo."

"Aende kwenye mstari wenyewe," mzee akamwambia mchungaji.

Mchungaji alikuwa kijana, amekaa kwetu hajamaliza mwaka, na wazee walikuwa bado wanamjaribu kama kiatu kipya. Akanitazama, akatazama saa, akasema, "Mwacheni asome."

Basi nikasoma. Mimi nikisoma kwa sauti ni kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Kila neno nalikanyaga kwanza nione kama limeshika. Nilipofika kwenye wanyama vipofu na vilema wanaoletwa sadaka, mzee mmoja mnene aliyekaa pembeni akakohoa. Nikarudia ule mstari, maana nilikuwa nimeruka neno. Akakohoa tena, akatoa leso akafunika mdomo, mabega yakawa yanaruka. Mwenzake akamnong'oneza, "Mpole," na hapo leso ikashindwa kazi.

Mzee wa kanisa hakucheka. "Hapa tumekuja kufanya mzaha?"

"Naomba radhi, mzee. Nasoma tu, sikuandika mimi."

Nikaenda na samadi. Nikaenda na machozi ya wanaume kwenye madhabahu. Nikafika kwenye mke wa ujana, na pale nikakandamiza kidole kwenye karatasi nisiruke neno hata moja. Nikaisoma nusu yangu nyekundu, na sikupumzika, nikaunganisha na nusu ya pili, ile ya jeuri, nikaweka kidole hapo.

"Mchungaji," nikasema, "wewe umesoma. Huyu anayeambiwa haya ni nani?"

Kijana wa watu, nilimwonea huruma. Alikuwa na nyumba ya usharika, na mwenye funguo za nyumba ile ni mzee wa kanisa.

"Ni wanaume," akasema. "Waume."

"Na kuondoka kwako?" mzee wa kanisa akadakia. "Kuondoka kwako hakuna kosa?"

"Kumeandikwa wapi, mzee? Nionyeshe, na huko nitasoma. Leo nina nafasi, biashara nimefunga."

"Mume wako alishatubu!"

"Lini?"

"Alitubu kwangu."

"Mkono ulikuwa wangu, mzee."

Hapo hata mwinjilisti mlangoni aliinua uso kutoka kwenye karatasi. Mzee mnene akasema polepole, "Lakini kweli, sisi yule kijana hatukumwita hata siku moja." Akasema yule kijana. Mume wangu ana miaka hamsini na sita.

Nikatolewa nje wakajadiliana. Nilikaa kwenye ngazi na bibi, akaniuliza nimewafikisha wapi, nikamwambia nimewafikisha sura ya pili. "Kumbe zimebaki mbili," akasema. "Bahati yao."

Waliponiita ndani, mchungaji ndiye aliyesema. Nitarudishwa Jumapili, na kosa langu halitasomwa. Halitasomwa, kwa ajili ya amani. Nikangoja kama kuna lingine. Hakuna aliyesema nilionewa. Hakuna aliyesema daftari lilikosea. Daftari lilibaki na maneno yake mawili kama lilivyokuwa. Na mume wangu ataitwa, walisema, wakati ukifaa. Mpaka naandika haya, wakati haujafaa. Watu wanaopenda hadithi za wazee kuanguka kifudifudi na kulia wasome vitabu vingine. Vya hawa waliorudi havina mengi ya namna hiyo. Mle watu wanajenga kidogo, wanagombana, wanachoka, wanaambiwa tena. Hata siku msingi wa nyumba mpya ulipowekwa, vijana walishangilia na wazee walioiona ya kwanza wakalia, na aliyesimama mbali hakuweza kutofautisha kelele. Mimi sasa naelewa ile kelele. Nilitoka kwenye baraza lile nayo kifuani, na sikujua ni ipi.

Jumapili ikafika. Mume wangu hakuja. Aliugua ghafla, na Jumatatu alionekana sokoni mzima kabisa. Tulisimama mbele, mimi na bibi, nimevaa kitenge changu cha bluu. Kosa la bibi lilisomwa, watu wakatabasamu. Langu likarukwa. Unaweza kusikia kanisa zima linavyosikiliza kitu kisichosomwa. Halafu mchungaji akafungua kitabu chake cha ibada akatuuliza wote wawili kwa pamoja kama tunatubu dhambi tulizotengwa kwazo.

"Ndiyo!" bibi akajibu, kwa sauti ya kuita ng'ombe.

Mimi nikanyamaza.

Mchungaji akaningoja. Nikamtazama usoni, sikuinamisha kichwa. Zile dhambi nilizotengwa kwazo sikuwa nazo, na alijua, na nilijua anajua. Mtoto mmoja nyuma akaanza kulia akanyamazishwa. Bibi akanigusa kiwiko cha mkono ule ule uliovunjwa, bila kujua. Nilikuwa tayari kurudi kwenye benchi. Nataka mlielewe hilo. Miguu ilishaanza kugeuka.

"Karibuni mezani," mchungaji akasema, akafunga kitabu.

Nikapiga magoti. Nikala. Ladha yake haina jambo la kusimulia, ni kipande chembamba kama karatasi, kinayeyuka kabla hujakifikiria. Nilitegemea nitalia, sikulia. Niliwaza tu kwamba magoti yanauma na kwamba lile zulia ni jipya, nani alilinunua.

Tukatoka nje tukiimba, tukajipanga mduara kushikana mikono, kama tunavyofanya kabla ya mnada. Kila anayetoka anapita akiwashika mikono waliotangulia, kisha anasimama mwisho wao. Mwinjilisti alinishika kwa vidole viwili, akasema chini chini, "Mama, hukujibu."

"Uliponiambia nijifunze nusu, nilijifunza nzima," nikamwambia. "Na wewe yale mambo ya juu hujanijibu."

Mbele yake alikuwa mzee wa kanisa. Aliponiona nafika aliweka mkono wake nyuma, akawa anatazama ndizi zinazopangwa kwa mnada kama mtu anayetafuta mkungu wake. Nikasimama. Nyuma yangu watu wakaanza kusongamana, wimbo ukawa unaisha na kuanzwa upya, mama mmoja akasema, "Vipi huko mbele, twendeni!" Mimi mkono wangu nimeunyoosha, haurudi. Mzee mnene aliyekuwa baada yake akamsukuma kidogo kwa bega. Mkono ukatoka nyuma, ukaja.

Nikaushika vizuri, kwa mkono wangu uliounganishwa vibaya, nikaubana kidogo kuliko desturi. Ana miaka zaidi ya sabini, na tangu nimeolewa kwao sijawahi kukutana naye bila kumpa shikamoo. Alikuwa ameshafungua mdomo kuipokea.

"Habari za ibada, mzee," nikasema, nikapita.